Teja, mteja na sekunde 45 za dirishani

Tangu Januari 2025, Marekani ilipositisha ghafla misaada yake ya nje, mazungumzo katika ukanda wetu kuhusu kliniki za methadoni, dawa ya kunywa wanayotibiwa nayo waraibu wa heroini, yamebaki kwenye swali moja: dawa ipo? Ni swali la haki kabisa. Mtu aliyezoea kunywa dozi yake kila asubuhi akikuta dirisha limefungwa, kinachofuata kinajulikana: miayo isiyokwisha, machozi, makamasi, mifupa kuuma, tumbo kuharisha, na kesho yake yuko maskani anatafuta kete ya heroini. Arosto, yaani hayo mateso ya kukosa dawa, haina subira na haisomi waraka wa wizara. Lakini ndani ya swali hilo kumejificha wazo ninalolisikia kwa watu wenye nia njema, kwamba fedha zikipungua tuzilinde chupa kwanza. Washauri nasaha na waelimishaji rika watafuata siku mambo yakitengemaa. Dawa leo, maneno baadaye. Linaonekana wazo la busara kwa sababu chupa inahesabika na maneno hayahesabiki. Mimi naliona ni kosa la kitabibu. Anachouliza muuguzi pale dirishani, namna anavyokiuliza na anavyolipokea jibu, ndivyo vinavyoamua kama dozi iliyomo kikombeni itamtibu mtu, haitamfaa kitu, au itamuua.

Turudi nyuma kidogo. Heroini ilianza kuonekana katika miji ya pwani yetu miaka ya 1980, ikivutwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 sindano ilikuwa imeshaingia vijiweni, na pamoja nayo virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara (Mauritius walitutangulia mwaka 2006, lakini wao ni kisiwa). Mwananyamala ikafuata. Kenya walianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi mwaka uliofuata. Zanzibar nao wakafungua yao Kidongo Chekundu mwaka huohuo wa 2015. Leo huduma imeshatoka Dar es Salaam na kufika mikoani. Methadoni yenyewe ni opioidi, yaani dawa ya jamii ya afyuni, kama ilivyo heroini, ila inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo mtu anakunywa mara moja kwa siku, arosto inatulia, na dozi ikipatikana sawasawa hasikii ule mshindo wa kulewa. Anaweza kwenda kubeba zege au kushona viatu kama mtu mwingine. Tiba hii huchukua miaka, na kwa wengine ni ya maisha, kama ya kisukari.

Sasa tazama inavyotolewa. Mtu anafika na namba yake, anaangaliwa, dozi inapimwa, anakunywa palepale, anapewa maji ya kusukumia, halafu anaambiwa aseme kitu. Anatakiwa kusema kwa sababu kuna wanaoificha dawa mdomoni wakaiteme nje na kuiuza. Mdomo unaozungumza ni mdomo uliomeza. Nilimsindikiza ndugu yangu kwenye kliniki moja asubuhi kadhaa na nilikaa benchi lililo karibu na dirisha. Siku ya kwanza nilisikia hivi, mtu baada ya mtu: “Haya, sema.” “Nimemeza.” “Mwingine!” Siku iliyofuata zamu ilikuwa ya muuguzi mwingine, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Yeye aliuliza: “Usiku ulilala?” Mdomo ulithibitika kuwa mtupu vilevile, muda uliotumika ulikuwa uleule, lakini mmoja kati ya watu wanne hivi alijibu jambo ambalo lilimfanya yule mama achukue kalamu. Hoja yangu nzima imo katika tofauti ya asubuhi hizo mbili.

Kiswahili chetu kimeshatoa hukumu katika jambo hili bila sisi kukaa kikao. Mtaani mtu huyu ni teja, na wengi wao ni mateja. Kliniki inamwita mteja, na wengi wao ni wateja. Herufi moja tu, lakini ukitazama ngeli utaona kazi iliyofanyika: mmoja yuko na watu na waalimu na wazee, mwingine amehamishwa kwenda kukaa na majitu na mazimwi. Si ajabu kwamba kwenye kliniki moja utasikia maneno yote mawili katika saa moja, “wateja wasogee” kwa sauti ya foleni na “hili teja linanisumbua” kwa sauti ya chini. Sauti ya chini husikika. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwapa zaidi ya wataalamu 500 wa afya ya akili maelezo ya mgonjwa mmoja, wakibadilisha jambo moja tu: wengine walisoma kwamba yeye ni “mtumiaji mbaya wa dawa”, wengine kwamba “ana ugonjwa wa matumizi ya dawa”. Waliosoma neno la kwanza walielekea zaidi kuona kwamba mtu huyo ana kosa lake mwenyewe na anastahili kuadhibiwa. Hao ni wataalamu waliosoma, na neno lilikuwa kwenye karatasi. Sisi neno letu lina miaka zaidi ya ishirini mtaani na linatumika kumtishia mtoto asiyetaka shule.

Hapa wengi hudhani nadai upole. Viongozi wetu wakitembelea hospitali, baada ya kukagua vitanda, huwaasa wauguzi watumie “lugha nzuri kwa wagonjwa”, na makofi yanapigwa. Sina ugomvi na lugha nzuri. Tatizo ni kwamba tumeifanya suala la tabia, kana kwamba muuguzi aliyelelewa vizuri anayo na aliyelelewa vibaya hana, wakati katika uuguzi wa akili ni ujuzi unaofundishwa, wenye hatua zake, na unaoweza kupimwa kama unavyopimwa ustadi wa kutafuta mshipa. Kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana ni ujuzi. Kumrudishia mtu maneno yake ili ajisikie mwenyewe (“Kwa hiyo Jumamosi ulipolipwa ndipo miguu ilipokupeleka maskani”) ni ujuzi. Kunyamaza sekunde tatu baada ya jibu ni ujuzi, tena mgumu kwetu, maana tumezoea kuujaza ukimya kwa mawaidha. Hata kukataa ni ujuzi: “Leo siwezi kukupa dozi kamili, naona umekunywa pombe, kaa hapa kwanza, tutaangaliana.” Muuguzi mpole asiyejua haya atasema “pole baba, jikaze” kwa watu wote kuanzia asubuhi hadi saa sita, na atakwenda nyumbani bila kujua nani kati yao anazama. Neno pole ni zuri. Lina pia tabia ya kufunga mlango wa mazungumzo: ukishapewa pole, inabidi useme asante.

Shikamoo ni habari nyingine, na nashangaa mitaala yetu haiizungumzii. Wengi wa walioanza unga miaka ya 1990 sasa wana miaka 45, 50 na zaidi. Anayewahudumia ana miaka 26. Mtaani hakuna kijana anayemwamkia teja. Anapigiwa mluzi, anaitwa “we”. Muuguzi akisema “Shikamoo baba”, yule mtu inabidi aseme marahaba, na marahaba ni neno la mtu mzima mwenye mahali pake. Sijui mbinu yoyote ya ushauri nasaha inayoweza kufanya kazi hiyo kwa maneno mawili. Ila iwe na mpaka. Maneno ya udugu yana mlango wa nyuma: leo “dada”, kesho “dada nikopeshe nauli”, keshokutwa “dada usiandike kwamba sikuja jana”. Muuguzi anayejua kazi yake anaamkia kwa heshima na bado anaandika kwamba hukuja jana.

Niende sasa kwenye mfano ambao kwangu unamaliza ubishi kuhusu kama maneno ni tiba au ni mapambo. Mtu amekaa vizuri kwenye dozi yake miezi minane. Asubuhi moja anasema: “Sista, dozi hainishiki.” Kwa sikio lililochoka, hiyo ni sentensi ya kijanja. Anataka apandishiwe, pengine apate ziada ya kuuza, pengine amerudia unga na anatafuta kisingizio. Jibu la haraka ni “dozi yako inatosha, mwingine!” Lakini muuguzi mwingine anauliza: “Tangu lini? Inaanza kukuachia saa ngapi? Kuna dawa nyingine umeanzishiwa?” Na hapo inatoka kwamba wiki mbili zilizopita alipimwa makohozi katika kituo kingine na ameanza dawa za kifua kikuu. Ndani ya dawa hizo kuna rifampicini, ambayo hulichochea ini kuivunja methadoni haraka kuliko kawaida, kiasi kwamba mtu anaweza kuingia kwenye arosto huku anakunywa dozi yake kila siku mbele ya macho yako. Mtu huyu hadanganyi. Anatoa ripoti ya maabara kwa mdomo wake. Dozi inahitaji kupandishwa na daktari, na miezi sita baadaye, dawa za kifua kikuu zikikoma, inahitaji kushushwa polepole, la sivyo ile dozi iliyopandishwa itageuka kuwa kubwa mno na pumzi itakata usingizini. Kwa miaka mingi hali kama hiyo ilitokea pia kwa walioanza ARV zenye efavirenzi au nevirapini. Katika nchi ambako wanaojidunga ndio haohao wanaoandamwa na kifua kikuu na VVU, hili ni jambo la kila wiki. Hakuna kipimo cha damu dirishani kinachomwambia muuguzi kwamba rifampicini imeingia. Chombo pekee alichonacho ni sikio lake, na sikio hilo linafanya kazi pale tu mgonjwa anapoamini kwamba akisema “hainishiki” hataitwa mwongo.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu haitoki mtaani, inatoka kwenye tafiti, na sitaipita pembeni. Mwaka 2011 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 35 zilizolinganisha tiba ya methadoni au dawa za aina yake pekee na tiba hiyohiyo iliyoongezewa huduma za kisaikolojia zilizopangwa, na hayakuona faida ya wazi: watu hawakubaki kwenye tiba zaidi, wala hawakupunguza heroini zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2006 huko Baltimore, watu waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri walipewa methadoni bila ushauri nasaha wa maana, na wakafanya vizuri kupita mbali wale walioachwa wasubiri mikono mitupu. Kwa hiyo anayesema “dawa kwanza” ana ushahidi mkononi, na kama kesho tutalazimishwa kuchagua kati ya chupa bila mshauri na mshauri bila chupa, nitachagua chupa bila kusita. Anayedai kwamba mtu asipewe dawa mpaka amalize vikao kadhaa vya ushauri anaua watu kwa nia njema.

Lakini tafiti hizo zisome zilivyo. Kundi lililoitwa la “dawa pekee” katika nyingi ya tafiti hizo lilikuwa tayari na mtu wa kuzungumza naye. Kilichopimwa ni kama kuongeza programu maalumu juu ya mazungumzo ya kawaida kunaleta tofauti. Ukitaka kujua kinachotokea mazungumzo yakiondolewa, nenda Philadelphia mwaka 1993. Wanaume 92 waliowahi kulitumikia jeshi la Marekani walipewa methadoni kwa miezi sita katika makundi matatu: dawa bila ushauri wa kawaida, dawa na ushauri, dawa na ushauri na huduma nyingine kama za daktari wa akili, ajira na familia. Katika kundi la kwanza asilimia 69 ilibidi waondolewe kwenye mpango huo kwa usalama wao, ama kwa sababu waliendelea kutumia dawa za kulevya bila kukoma au kwa sababu afya iliporomoka. Kundi la pili, asilimia 41. La tatu, asilimia 19. Dawa ilikuwa ileile. Nakiri ni utafiti mdogo, wa wanaume watupu, wa nchi nyingine. Hata hivyo unaungana na mantiki ya mfano wa rifampicini: mazungumzo ninayoyatetea hayahitaji jina refu wala chumba chenye kochi. Yanahitaji mtu mmoja anayekujua na anayeuliza. Kinachopendekezwa sasa, kwamba tubaki na chupa na mpimaji tu, kiko karibu zaidi na kundi la asilimia 69.

Hoja ya pili ni ya kazi nyingi, na huyu anayeitoa huwa ni muuguzi mwenyewe, amechoka, na ana haki ya kusikilizwa kuliko mimi ninayeandika nikiwa nimekaa. Tufanye hesabu. Chukua kliniki yenye watu 400, dirisha moja, saa tano za kutoa dawa. Kila mtu anapata sekunde 45. “Katika sekunde 45 nitatibu kwa maneno yapi?” Swali zuri. Lakini hesabu hiyohiyo izidishe kwa siku 365, maana kliniki hizi hazina Jumapili wala Idi: ni zaidi ya saa nne na nusu kwa mwaka kwa kila mtu, uso kwa uso, na mara nyingi sura ni zilezile. Sijui mwanasaikolojia nchini anayempa mraibu wa kawaida saa nne na nusu kwa mwaka. Na zimegawanywa kwa namna ambayo haina mfano, kidogo kidogo na kila siku, kama methadoni yenyewe. Jumatatu unauliza usingizi. Jumanne unauliza, “Yule mtoto alianza shule?” kwa sababu Ijumaa alikutajia. Muuguzi akikumbuka jambo moja tu la mtu, zile sekunde 45 za kesho zinaanzia pale za leo zilipoishia. Asipokumbuka, au akihamishiwa wodi nyingine kila baada ya miezi mitatu, kila asubuhi ni kuanza upya, na hapo kweli sekunde 45 ni bure.

Kuna wanaosema wateja hawa ni wajanja, watakuzungusha. Wako wajanja. Mtu aliyeishi miaka kumi kwa kukopa, kuomba na kupora amejifunza kuisoma sura ya mtu kabla hajafungua mdomo. Anajua ni muuguzi yupi ana huruma ya haraka, na atamsubiri zamu yake. Sipingi. Ila ujanja huo ni sababu ya kumfundisha muuguzi kuzungumza, wala hauwezi kuwa sababu ya kumnyamazisha, kwa maana anayezungushwa kirahisi ni yule asiye na mbinu ila moyo mzuri, na yule asiye na mbinu ila sauti kubwa. Mwenye mbinu anasikia hadithi ndefu ya msiba, anaipokea, na anarudi palepale: “Nimekusikia. Na dozi ya jana ilikuwaje?”

Inabaki hoja ya ukali, na hii ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo yenye mashabiki wengi. Inasema mraibu ni mtu aliyeharibika adabu, ukimlea atakupanda kichwani, ukimvunja atajengeka. Ina historia yake: huko California mwaka 1958 ilianzishwa jumuiya ya Synanon, ambako waraibu walikalishwa duara wakashambuliana kwa maneno makali kama tiba, na mbegu zake zikasambaa duniani. Jumuiya yenyewe iliishia kwenye kashfa na ikafa mwaka 1991, lakini harufu yake utaikuta katika baadhi ya nyumba za upataji nafuu ambako mtu mpya anatukanwa siku ya kwanza “ili azinduke”. Mwaka 1993 utafiti wa William Miller na wenzake kwa watu wenye shida ya pombe ulitazama vikao vyenyewe, namna mtibu alivyozungumza, na matokeo ya mwaka mmoja mbele. Kadiri mtibu alivyokabiliana na mtu na kumbana, ndivyo mtu yule alivyokunywa zaidi baadaye. Lakini hata ukiutupa utafiti huo, kuna sababu ya karibu zaidi. Kabla ya kutoa dozi, muuguzi analazimika kujua kama mtu huyu amekunywa pombe au amemeza valiamu asubuhi hiyo, kwa sababu methadoni ikikutana na hivyo inaizima pumzi. Anaangalia macho, mwendo, harufu. Vidonge havinuki. Kwa hiyo anauliza, na jibu la kweli litakuja kama kusema kweli hakumgharimu mtu kelele mbele ya foleni ya watu thelathini. Mtu aliyeshazomewa mara moja kwa kukiri atajibu “hamna sista”, atapewa dozi kamili, atarudi maskani, atalala, na wenzake watadhani anakoroma.

Ukali unaharibu pia pale mtu anapoteleza, na kuteleza si kuanguka, wenyewe wanavyosema. Mtu amekosa siku tatu mfululizo, labda alikuwa mahabusu, labda nauli ilikatika, labda alirudia unga. Kwa usalama wake dozi haiwezi kuendelea ilipokuwa. Mwili unapoteza mazoea haraka na inabidi daktari amtathmini na mara nyingi aanze chini. Hicho ni kitendo cha tiba. Lakini kikitamkwa “tumekukata dozi, si ulikuwa unazurura”, kinasikika kama faini, na neno hilo linasambaa foleni nzima kwamba hapa ukikosa unakatwa. Aliyekosa siku mbili akisikia hivyo hatakuja siku ya tatu kujieleza. Atabaki hukohuko. Kwa mama mjamzito gharama ni ya watu wawili: kuikatiza ghafla opioidi kunaweza kuiharibu mimba, methadoni ndiyo inayomlinda yeye na mtoto, na bado wanawake ni wachache mno kwenye foleni hizi, kwa sababu maneno wanayoyaogopa wameshayasikia kwenye kliniki ya wajawazito kabla hawajafika kwenye ya methadoni.

Kama haya ni kweli, kuna mambo ya fedha na mpangilio yanayofuata, na mengi si ya gharama kubwa. Kikubwa ni kutowahamisha. Muuguzi aliyekaa dirishani mwaka mzima ana majina na sura mia nne kichwani. Kumpeleka wodi ya wazazi kwa sababu ni zamu yake ni sawa na kuchoma mafaili. Faili lenyewe liwe na nafasi ya mstari mmoja wa alichosema mtu leo, si kiasi cha dawa na sahihi tu, ili anayepokea zamu apate pa kuanzia. Dirisha lenyewe litazamwe: mengi ya madirisha tuliyozoea katika majengo ya serikali yamejengwa kwa keshia, kioo chenye tundu la chini, kiasi kwamba mgonjwa inabidi ainame na apaze sauti, na foleni nzima inajua kwamba ana VVU. Hakuna mafunzo yatakayolishinda tundu hilo. Waelimishaji rika, ambao wengi wao walipita njia hiyohiyo, wawekwe kwenye bajeti za ndani kama wafanyakazi badala ya kuwa kipengele cha mradi wa mfadhili kinachokufa mradi ukifa. Na muuguzi apate pa kuutua mzigo: kusikia kila asubuhi nani amefungwa, nani amezikwa, nani amerudi mtaroni, kisha kuambiwa “tumia lugha nzuri” na mtu ambaye hajawahi kukaa pale, kunachosha watu wema mpaka wanakuwa wakali. Nina hakika baadhi ya wale wanaosema “mwingine!” walianza kazi wakiuliza watu kama wamelala.

Kuna jambo moja linanitatiza, na linakwenda kinyume na matakwa yangu mwenyewe. Nimezisifu ziara za kila siku kana kwamba ni zawadi. Kwa anayekuja ni nauli ya kwenda na kurudi, ni kibarua kilichokosekana kwa sababu bosi hamsubiri mtu anayefika saa tatu, ni maisha yaliyofungwa kamba kwenye dirisha. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO, nchi kadhaa zililegeza masharti na kuwaruhusu waliotulia kuchukua dozi za siku kadhaa nyumbani, na sasa kuna buprenorfini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, ya sindano ambayo moja inatosha mwezi mzima. Nadhani huko ndiko tutakakoelekea na ni haki yao. Lakini kila ruhusa ya namna hiyo inaondoa sekunde 45 nyingine, na sijaona mpango wowote unaosema zitalipwa wapi: kwa simu, kwa mwelimishaji rika anayepita mtaani, au kwa ziara moja ndefu ya mwezi yenye kiti na mlango unaofungwa. Aliyepewa chupa za wiki nzima Jumatatu, kisha Jumanne kituo kingine kikamwanzishia dawa za kifua kikuu, atamwambia nani Alhamisi kwamba dozi haimshiki?